Mkwaruzo

Imerudi.
Nimeikuta Ngara, ghorofani, juu ya duka la vipuri,
kwa kijana Kilundo auzaye santuri na miwani ya jua.
Imevikwa nailoni, mpya kama daftari la Januari.
Nikalipa alichotaja,
mimi ninayebishania shilingi tano ya sukuma wiki.

Jalada ni lile lile: mwanamke, gauni la manjano,
shingo ameiinamisha kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Ila huyu ana macho mawili.
Wetu wa Makongeni, mende walimla jicho la kushoto
na Amboka, kitinda mimba, akamchorea jingine
kwa kalamu ya bluu.

Baba aliinunua River Road, mwaka wa sabini na mbili,
mshahara wa reli ungali moto mfukoni.
Muuzaji alimwambia ni muziki wa roho.
Nyanya akafurahi, akafunga kitambaa safi kichwani,
akaketi kungoja mapambio.
Tarumbeta zilipoingia, alitoka nje na kiti chake.

Besi ilipenya ukuta hadi kwa Mama Kwamboka,
naye akajibu kwa mwiko, ko, ko,
tukadhani analalamika
kumbe anakazia pigo.

Kiingereza cha Mama kiliishia kwenye salamu.
"Anasema nini huyu?"
Baba, akikata kucha, bila kuinua uso:
"Anasema anaenda sokoni. Atarudi."

Kisha usiku mmoja stima ikapotea
na Amboka akaangusha kibatari juu ya wimbo wa mwisho.
Tangu hapo sindano ikifika pale inanasa:
asubuhi, asubuhi, asubuhi,
asubuhi isiyokucha.
Tuliweka senti kumi yenye tundu juu ya kichwa cha sindano,
wapi!
Mpaka Mama atoke jikoni, mkono unachuruzika povu,
auinue ule mkono wa chuma.
Kwetu wimbo uliishia hapo, miaka yote,
kwenye kidole cha Mama.

Leo ni Umoja, Jumapili, chai ya tangawizi.
Mama ana miaka sabini na tisa na sikio moja la kutegemea.
Nimeazima mashine. Nimefuta vumbi ambalo halipo.

Na tazama walichokifanya, hao waliosafisha sauti hii!
Nasikia pumzi anayovuta kabla ya ubeti wa tatu.
Nasikia kiti cha mpiga ngoma kikilia.
Nyuma kabisa wako waitikiaji watatu,
mmoja kachelewa kidogo, kila mara,
na hakuna aliyemkemea, wakamwacha hivyo, Mungu awabariki.
Kitu kimoja tu kimepotea:
ule mchirizo, kama vitunguu kwenye mafuta,
ambao utoto wangu wote niliuhesabu kuwa ala.

Tukafika pale.
Asubuhi —
mkono wa Mama ukapanda wenyewe kutoka kwenye kochi,
ukakaa hewani, mkavu,
hauna cha kuinua.

Asubuhi ikafika.
Mwanamke akavaa viatu mlangoni,
akarudishia mlango polepole asimwamshe mtu,
tarumbeta zikamsindikiza hadi barabarani
na hakugeuka.
Nilimfasiria Mama neno kwa neno. Sikuongeza chumvi.

"Kumbe anaondoka," akasema.
Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka.
"Baba yako aliniambia anaenda sokoni."

Baba yuko Lang'ata, mwaka wa tisa, haulizwi kitu.
Mama akaanza kucheka, mabega kwanza,
kisha shali ikamdondoka, kisha machozi,
sikujua ni ya lipi,
nikaiokota shali nikaishika tu.

Akalichukua jalada, akalisogeza dirishani.
Akamkagua yule mwanamke kama akaguavyo nyanya za mtu.
"Huyu si wetu.
Hebu angalia huko kwenye mkoba wako,
huna kalamu ya bluu?"